Sekunde Tisini za Bi Zamoyoni

Utepe wa arobaini na moja nao ulikuwa umekufa.

Nakijwa aliupima mara tatu kabla ya kukubali. Aliubana mezani, akaugusisha nyaya nne nyembamba kama nywele za mtoto, akaruhusu umeme na kuinamia kipimo. Utepe ukiwa hai, sindano ya ukinzani hulala kwenye sifuri na kutulia hapo hapo, hata ukiumwagia chai ya moto. Kuna mtu aliwahi kuumwagia, ndiyo maana jambo hilo linajulikana. Sindano ya leo ilipanda hadi katikati ikasimama wima, haina hata haya.

"Haya, sema," alisema Mkurugenzi Ngaiza nyuma yake.

"Umekufa, Mkurugenzi."

Ngaiza alikuwa akitazama upande wa pili wa kioo, ambako Mikono ya Pili ilikuwa inamaliza kazi yake ya asubuhi. Ilikuwa mikono miwili ya chuma iliyovikwa mpira laini, imesimama mbele ya tangi la ombwe bila mwili wala kichwa. Ilifunga kirungu cha mwisho cha kuongozea tangi, ikatulia, kisha ikaligonga tangi mara mbili kwa kidole cha kati, vile vile Bi Zamoyoni anavyoligonga kila anapomaliza. Hapo Ngaiza aliuma meno.

Bi Zamoyoni Shekiondo alikuwa mkuzaji mkuu wa tepe katika Karakana ya Tabaka, kule juu ya Soni, tangu karakana ilipokuwa chumba kimoja. Kwa miaka sita iliyopita alifanya kazi amevaa glavu zenye vihisio themanini na vinne, vikinakili kila alichogusa na uzito wa kila mguso. Wahandisi wakachukua nakala hiyo, wakaisafisha, wakaitia kwenye Mikono ya Pili. Walipata kila kitu cha mama yule: kusita kwake kabla ya kufungua madini ya teluri, namna anavyozungusha kirungu mbele kisha kukirudisha nyuma kidogo, mpaka kule kugonga tangi. Kitu kimoja tu hawakukipata, nacho ni utepe hai.

"Mikono ni ile ile," alisema Ngaiza. "Tangi ni lile lile, vikombe ni vile vile, joto ni lile lile. Zake zinaishi, zetu zinakufa. Nakijwa, mimi sio mtoto mdogo. Yule mama anaficha kitu."

"Hafichi kitu, Mkurugenzi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi."

"Ndiyo maana nakwambia wewe. Tume ya ukaguzi inakuja Alhamisi. Wataniuliza miaka sita imekwenda wapi, na mimi nitawaambia ninachoamini. Kama kuna kitu, kitafute wewe kabla hawajakitafuta wao."

Akatoka. Nakijwa alibaki na utepe wake mfu mkononi, na ile orodha ya zahanati zinazosubiri ikamjia kichwani kama kawaida. Bi Zamoyoni hutoa utepe mmoja kwa siku ya kazi, ishirini kwa mwezi. Utepe mmoja unatosha mkanda mmoja, na mkanda mmoja ni wa zahanati moja. Mkanda ukifungwa kwenye tumbo la mjamzito husikia sumaku hafifu inayotoka kwenye moyo wa mtoto aliye ndani, na humwambia mkunga kwamba moyo unachoka saa nyingi kabla mkono wa binadamu haujahisi chochote. Zahanati elfu kumi na moja zilikuwa zinasubiri. Ya Gonja, kwao Nakijwa, ilikuwa ya elfu nne mia moja na kumi na mbili. Alikwisha kupiga hesabu: miaka kumi na saba. Dada yake Namsifu alijifungulia pale mwaka juzi, akarudi nyumbani na kanga aliyokuwa amemwandalia mtoto ikiwa bado imekunjwa.

*

Jumatatu hiyo, saa nne kamili, Nakijwa alishuka chumba cha chini kuchukua utepe wa siku ya kazi iliyopita, kama anavyofanya kila siku ya kazi.

Bi Zamoyoni alikuwa kwenye tangi lake. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na moja, mwenye kilemba cha kijani na pumzi yenye harufu ya kitunguu saumu. Wote wanaokaa miaka karibu na teluri hunuka hivyo, na karakana nzima ilikwisha kuzoea. Tangi lilikuwa tupu kiasi kwamba hata hewa haikuwemo. Ndani yake vikombe vitatu vilitoa mvuke wa chuma, wa bismuthi na wa teluri, na mvuke huo ulitua juu ya kipande cha kioo mstari kwa mstari, chembe juu ya chembe. Nakijwa alikuwa ameitazama kazi hiyo miaka saba na hakuwahi kuichoka. Mama yule alikuwa anajenga kwa matofali yasiyoonekana, wala hakuwa na haraka.

Tabaka la chini lilikuwa la chuma na teluri, kitu kigumu cha rangi ya risasi kisicho na ajabu yoyote. La juu lilikuwa la bismuthi na teluri, na hilo lilikuwa na kituko chake: tumbo lake halipitishi umeme, ngozi yake inapitisha, na ngozi hiyo huwezi kuibandua. Ukiikwangua, kinachobaki chini yake kinageuka ngozi mpya papo hapo. Ukipima tabaka la chini peke yake, umeme unakwama. Ukipima la juu peke yake, unajikokota. Lakini pale yanapogusana, penye upana usiofika hata chembe kumi, umeme hupita bila kupoteza chochote, katika joto hili hili la kawaida ambalo watu wanaanikia nguo. Hapo mahali wenyewe walipaita mshono. Vitabu vilikuwa na majina marefu zaidi, na vyote vilikiri kwamba hakuna aliyejua kwa nini mshono mmoja huishi na mwingine hufa.

Tabaka la chini lilikuwa limekamilika. Bi Zamoyoni aliona kivuli cha Nakijwa kwenye chuma cha tangi. Akabonyeza kanyagio kwa mguu, vifuniko vya vikombe vikajifunga, akavua glavu zote mbili na kuziweka kando, kisha akageuka mwili mzima.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, Mama. Sijui wewe?"

"Mimi mzima, goti tu ndilo linanidai. Gonja hawajambo?"

"Hawajambo. Mama anakusalimu."

"Nimezipokea. Namsifu je, anakula sasa?"

"Anakula kidogo kidogo."

"Mwambie tangawizi imeiva, nitamtumia. Na shambani mvua imeshika?"

Walishikana mikono muda wote huo, mikono mitupu, maana Bi Zamoyoni hajawahi kumpa mtu mkono uliovaa glavu. Ghorofa ya juu, wafanyakazi vijana walirushiana "mambo" na "poa" bila hata kugeuza shingo. Huku chini mtu alisalimiwa mpaka salamu zikaisha.

Kisha Nakijwa akaharibu. Alikuwa amepanga kuanza mbali, lakini maneno yalimtoka yakiwa wima: "Mama, kuna kitu hujawaambia wahandisi?"

Bi Zamoyoni aliuachia mkono wake.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nauliza tu."

"Ngaiza kakutuma. Miaka sita nimevaa soksi zao za mikononi, nimeacha wanihesabu hata ninavyojikuna. Leo ni mwizi." Akavaa glavu. "Na anayekuja kunipekua ni wewe. Chukua utepe wako, niache nifanye kazi."

"Mama..."

"Nimesema chukua."

Nakijwa alichukua. Kwenye ngazi alihisi uso unamwaka, na kwa kuwa alikuwa na asili ya kununa, alinuna.

*

Jumanne alishuka saa nne, akaingia kimya, akachukua kisanduku cha utepe na kutoka bila salamu. Aliona mgongo wa Bi Zamoyoni ukikakamaa. Bi Zamoyoni hakugeuka, mikono ikabaki kwenye virungu. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kupita mbele ya mtu mzima kama anayepita mbele ya kabati, na alijua mama yake mzazi angesikia habari hizo angemchapa na umri wote alionao.

Jumatano asubuhi aliupima utepe uliokuzwa siku ile ya Jumanne. Sindano ikasimama.

Alipima tena. Akabadilisha nyaya, akapima tena, akapima kwa kipimo kingine. Utepe wa Bi Zamoyoni mwenyewe ulikuwa umekufa kama zile arobaini na moja za mashine. Akakaa chini.

Tepe za Bi Zamoyoni kufa si jambo la kila mwezi, ila limewahi kutokea. Nakijwa aliomba orodha. Katika miaka thelathini na moja zilikufa sitini na tatu, na kila mara palipatikana sababu: umeme ulitetereka, teluri ilikuwa chafu, hali ya hewa. Alizisoma tarehe moja moja, na baadhi alizikumbuka. Ile wiki yeye alikuwa na malaria. Zile siku mbili alikwenda kuzika Same. Siku ile mpimaji wa kabla yake alifungiwa nje kwa kusahau kitambulisho, karakana nzima ikamcheka. Siku hizo zote hakuna mpimaji aliyeshuka chini saa nne.

Tangi lina kipimo cha ombwe kinachojiandikia chenyewe usiku na mchana. Hakuna anayekisoma, kwa sababu kazi yake ni kupiga kelele pakiwa na hatari. Nakijwa alikifungua. Na hapo akaliona, limelala wazi miaka yote hiyo: kila siku ya kazi, saa nne, pale tabaka la chini linapoisha na kabla la juu halijaanza, mstari ulishuka. Vifuniko vimefungwa. Sekunde themanini na nane, tisini na mbili, tisini, tisini na tano siku ya kwanza baada ya Idi. Kisha mstari ulipanda tena na kazi ikaendelea. Siku zile sitini na tatu mstari haukushuka kabisa, wala jana haukushuka.

Glavu hazingeweza kulijua hilo, maana zilikuwa zimevuliwa. Vifuniko vilifungwa kwa mguu, na mguuni hakukuwa na kihisio. Wahandisi, walipoisafisha nakala, waliunganisha pale glavu zilipovuliwa na pale zilipovaliwa, wakaona kazi imekwenda moja kwa moja.

Akafungua kitabu cha zamu, kile anachojaza mkuzaji mwenyewe kwa kalamu. Kila ukurasa ulikuwa na swali lile lile lililochapwa: *Je, ukuzaji umekatizwa?* Na kila ukurasa, kwa mwandiko mzuri wa Bi Zamoyoni: *Hapana.* Alirudi nyuma mwaka, miaka mitano, ishirini. *Hapana. Hapana. Hapana.* Ukutani, juu ya tangi, palikuwa na bango la siku nyingi lenye amri ya kwanza ya karakana: UKUZAJI HAUKATIZWI. Kanuni ilisema wazi kwamba anayeandika uongo kwenye kitabu cha zamu anamwaga unga, kazi hana, siku hiyo hiyo.

Mchana wafanyakazi walipokwenda kula, Nakijwa aliingia kwa Mikono ya Pili. Aliisubiri imalize tabaka la chini, akaisimamisha, akafunga vifuniko. Hakuwa na saa mkononi. Akasimama mbele ya ile mikono isiyo na mtu akaanza kwa sauti ya chini: shikamoo Mama, umeamkaje, Gonja hawajambo, goti linaendeleaje, Namsifu anakula, mvua imeshika. Alijibu pande zote mbili. Alipofika mwisho alifungua vifuniko, mashine ikaendelea.

Saa kumi na moja jioni utepe ulikuwa umepoa. Sindano ililala kwenye sifuri.

Nakijwa alilia pale pale mezani, na hakujua analia kwa ajili ya nani. Gonja ilikuwa imeacha kuwa miaka kumi na saba. Ikifanyika haraka, ingekuwa mwaka ujao. Na Bi Zamoyoni, ambaye sanamu ya mikono yake ilitengenezwa kwa shaba na kutundikwa mlangoni ili wageni waiguse wakiingia, alikuwa amebaki na mikono ya kawaida na vitabu thelathini na moja vya uongo.

*

Alhamisi, kulipopambazuka vizuri, alikwenda nyumbani kwake. Bi Zamoyoni alikuwa kibarazani, ungo mapajani, anachambua maharage.

Nakijwa alipiga goti. "Shikamoo, Mama."

"Leo umekumbuka."

"Nisamehe, Mama. Nilikosa adabu."

Bi Zamoyoni aliokota kokoto, akalitupa uani. Alimwacha pale chini kwa muda ambao aliona unamtosha. "Marahaba. Inuka, sakafu ina baridi. Kumekucha na nini?"

Nakijwa akamweleza yote bila kuficha, mpaka sindano ilipolala. Alimweleza kwamba tabaka la chini likiisha, juu yake hubaki vichembe vya chuma vilivyozidi, vimekaa ovyo. Vifuniko vikifungwa moto ukiwa bado unawaka, mvuke wa teluri uliobaki tangini unaviokota kimoja kimoja, na kwa sekunde tisini uso unakuwa safi kupokea tabaka la juu. Hiyo ilikuwa dhana yake, na wenye vitabu wangeibishia. Lakini utepe ulikuwa hai.

Bi Zamoyoni aliitandaza mikono yake juu ya maharage, akaitazama.

"Kwa hiyo sio hii."

"Sio hiyo, Mama."

"Waziri mmoja alikuja akaishika kama anayeshika yai." Akacheka kidogo, kicheko kikaisha. "Nami nilivimba kichwa. Nisikudanganye, nilivimba. Nilikuwa nikiipaka mafuta kila nikitoka kuoga, nikiitunza kama ya mtu mwingine."

"Kwa nini uliandika *hapana*?"

Bi Zamoyoni alirudi kuchambua maharage. "Siku za mwanzo palikuwa na mhandisi mgeni, aliyelisimika tangi. Alisimama nyuma yangu siku nzima. Usikatize, usikatize. Jumanne moja akaja Mzee Kupaza, mlinzi wetu, mtu wa rika la baba yangu. Akaja kunijulia hali kwa sababu nilikuwa nimefiwa. Mimi nikamwitikia kwa mgongo. Mikono iko kwenye virungu, mgongo kwake. Akasimama, akasubiri nigeuke, kisha akaondoka taratibu. Nakijwa, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Kesho yake alipokuja nilifunga vifuniko, nikavua kila kitu, nikageuka. Nilijisemea, chombo kikifa na kife. Na kitabuni nikaandika *hapana*, kwa sababu nilikuwa na watoto wawili na hiyo kazi ndiyo niliyokuwa nayo. *Hapana* ya kwanza niliiandika mkono unatetemeka. Ya pili haukutetemeka."

"Mama," alisema Nakijwa polepole, "utepe wa kwanza hai wa karakana ulitoka siku gani?"

"Unajua mwenyewe. Wanausherehekea kila mwaka. Jumatano ya..."

Ungo ulimwinama mapajani na maharage yakaanza kumwagika kibarazani, na hakuna kati yao aliyeyashika.

Baadaye Nakijwa alisema lile alilokuwa amejiandaa nalo njia nzima. "Naweza kuwaambia nimegundua mwenyewe. Nilikuwa najaribu-jaribu mashine, nikasimamisha, ikatokea. Vitabu vyako hakuna atakayevifungua. Mwezi ujao unastaafu na heshima yako, na mikono yako inabaki mlangoni."

"Na watakuuliza ulijuaje kusimama pale, na sekunde hizo."

"Nitasema bahati."

"Utaandika bahati."

"Ndiyo, Mama."

"Na mkono utatetemeka?"

Nakijwa aliinama kuokota maharage sakafuni.

"Gonja yenu ni ya ngapi?"

"Elfu nne mia moja na kumi na mbili."

Bi Zamoyoni aliinuka, goti likalia, akaenda kufunga kilemba.

*

Tume ilikuwa ya watu watatu, na mwenyekiti wake alikuwa Daktari Mwasaga, mwanamke mrefu mwenye miwani na sauti ya mtu asiyependa kurudia. Ngaiza alikuwa amekwisha kusema anachoamini. Bi Zamoyoni aliingia amebeba vitabu viwili, cha mwaka wa kwanza na cha mwaka huu, akavifungua mezani mbele yao.

"Mkurugenzi amewaambia naficha kitu," alisema. "Ni kweli. Sikujua kwamba nakificha kwenu. Nilidhani nalikwepa lile bango la amri tu. Nimeandika uongo humu zaidi ya mara elfu saba. Huyu binti ndiye aliyenionyesha maana yake, na yeye hana kosa."

Kisha akasimulia, kuanzia Mzee Kupaza. Alisimulia kama anayetoa mapishi, hakujitetea wala hakutia chumvi. Nakijwa aliweka juu ya vitabu vile utepe wa mashine na kipimo chake, na mjumbe wa kushoto alinyanyuka kwenda kuitazama sindano kwa karibu, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kuigusa.

Ngaiza alikuwa amepigwa na butwaa. "Miaka sita," alisema mwishowe. "Miaka sita tumenakili mikono, na ilikuwa adabu."

"Ilikuwa chuma kilichozidi na mvuke wa teluri," alisema Daktari Mwasaga. Alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Lakini umesema vizuri, Mkurugenzi." Kisha akamgeukia Bi Zamoyoni. "Mama, kanuni ya kitabu cha zamu niliiandika mimi. Watu wamewahi kufa kwa kitabu cha zamu kilichodanganya. Nikikuacha wewe kwa sababu uongo wako ulizaa mema, sitakuwa na neno la kumwambia atakayefuata."

"Sijaomba kuachwa."

"Najua. Ndiyo maana inaniuma."

Bi Zamoyoni aliondolewa kazini siku ile, zikiwa zimebaki siku ishirini na sita astaafu. Sherehe ikafutwa. Kitu kimoja tu aliomba, walipokuwa wanaandika utaratibu mpya wa mashine na mhandisi mmoja akasoma kwa sauti: "Hatua ya kumi na nne: subiri sekunde tisini."

"Msiandike *subiri*," alisema akiwa mlangoni. "Mimi sikuwa nasubiri. Nilikuwa na mtu."

Wahandisi walitazamana. Ilionekana ni jambo dogo mno la kubishania, wakamwachia Nakijwa aandike. Mkono wake haukutetemeka.

Jioni, wafanyakazi walipotoka, waliikuta ile mikono ya shaba imekwisha kuteremshwa mlangoni. Wengi waliipapasa nafasi yake kwa mazoea.

*

Mwaka uliofuata karakana ilikuwa na matangi arobaini katika ukumbi mmoja, na ndani ya ukumbi hapakuwa na mtu. Zahanati ya Gonja ilipata mkanda wake mwezi wa tatu. Mwezi wa tano mkunga wa pale aliusikia moyo mmoja unachoka, akampeleka mama wa mtoto huyo hospitali kabla ya adhuhuri. Mama huyo alikuwa Namsifu.

Nakijwa alimleta Bi Zamoyoni kama mgeni wa kawaida. Getini walimwandika jina, wakampa koti jeupe na glavu kama wageni wote, akavaa bila kusema kitu. Wakasimama kwenye kioo kirefu. Ng'ambo yake jozi arobaini za mikono ya chuma zilifanya kazi pamoja, zote zikisita kabla ya kufungua teluri, zote zikizungusha mbele na kurudisha nyuma kidogo. Bi Zamoyoni alitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe naringa hivyo?" alisema.

"Sana, Mama."

"Na mtoto wa Namsifu mmempa jina?"

Nakijwa alimwambia. Bi Zamoyoni alipolisikia jina lake mwenyewe aliangalia pembeni.

Saa nne ikafika. Ukumbi mzima ulifika hatua ya kumi na nne, ile ambayo Nakijwa aliiandika kwa maneno mawili: *Funika. Salimia.* Vifuniko vyote vikajifunga kwa mlio mmoja. Mikono themanini ikaachia virungu, ikajigeuza kuelekea kwenye kioo, na kutulia.

Bi Zamoyoni alivua glavu zote mbili, akazikunja, akaziweka chini.

"Marahaba," akaitikia, akaanza kuiuliza mikono ile imeamkaje.